Damari na Mtia Kuni wa Saranda

Damari binti Mughwai alizaliwa Mgori, upande wa msituni, katika nyumba ya tembe ya watu waliolima uwele na kufuga ng'ombe wachache. Jina la Damari alipewa siku aliyobatizwa, akiwa tayari msichana mkubwa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito kidogo, na hakuwa mwepesi wa kusema. Alipoolewa na Alute, kijana wa Ikungi, alidhani ataishi kama shangazi zake walivyoishi: shamba, maziwa, watoto, na safari ya mara moja moja kwenda Singida kununua chumvi na kaniki.

Mvua ndizo zilizobadilisha mambo. Ziligoma mwaka wa kwanza, zikagoma na wa pili, ng'ombe wakabaki mifupa. Alute akasikia kwamba kwenye reli ya kati wanatafuta vijana wenye nguvu, na kwamba wanapewa posho ya unga. Wakafunga mizigo yao, wakashuka kwa miguu hadi Manyoni, wakilala kwa watu njiani.

Alute aliandikwa katika genge lililotunza kipande cha reli kati ya Manyoni na Saranda, pale ambapo nchi inaporomoka kuelekea mbuga za Bahi na treni hushuka ikipinda pinda kwenye mteremko. Wanaume wa genge walishindilia kokoto, walibadilisha mataruma yaliyooza, yale magogo yanayobeba reli, walifyeka nyasi. Waliishi na wake zao katika vibanda vya bati pembeni mwa njia, na mchana vibanda hivyo vilikuwa moto kama chungu jikoni. Mnyapara wao alikuwa Gabrieli, Mgogo wa makamo, mtu wa haki ambaye hakuwahi kumpiga mtu. Damari alichota maji korongoni, akafuga mbuzi wawili, akapanda matuta machache ya karanga nyuma ya kibanda. Treni zilipita, akazoea. Watia kuni wa injini walimpungia mkono na yeye aliitikia bila kuwajua, maana kwa masizi yale wote walifanana.

Masika ya mwaka uliofuata mwisho wa vita vya pili vya dunia, mvua zilikuja kama zinalipiza ile miaka ziliyogoma. Mbuga za Bahi zikajaa maji mpaka reli ya huko chini ikafunikwa. Treni kutoka Tabora zilisimamishwa Manyoni. Kisha asubuhi moja, jua lilipotoka, ikaamriwa treni moja ya mizigo ishuke mpaka stesheni ya Saranda ingojee hapo.

Alfajiri ya siku hiyo Alute alitumwa kukagua njia. Alipita kila mahali, akapita hata juu ya tuta la kalvati kubwa linalopitisha maji chini ya reli, karibu na pale Damari alipochotea maji. Reli ilikuwa imenyooka, mataruma yamekaa, kokoto zimelala vizuri. Maji yalikuwa yamekula udongo kwa chini, ndani kwa ndani, na juu hakukuwa na ufa wala dalili. Alute akarudi, akasema njia ni nzima. Mtu yeyote angesema hivyo.

Damari alikuwa korongoni, ndoo imejaa nusu, aliposikia treni inapiga filimbi kwenye kona ya juu. Hakuinua kichwa. Kisha akasikia mlio ambao hakuwahi kuusikia, kama bati kubwa linachanwa, na ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zake. Alipotazama, tuta halikuwepo. Injini ilikuwa imelala ubavu ndani ya pengo, inatoa mvuke kwa kishindo, na mabehewa ya nyuma yalikuwa yamepandana.

Aliacha ndoo, akakimbilia kule kule kwenye mvuke.

Genge lilifika likihema. Dereva, Kalasinga mmoja mwenye ndevu nyeupe, walimkuta amekufa. Gadi, msimamizi wa treni, alikuwa nyuma, amevunjika mkono tu. Walidhani wamemaliza kutafuta, mpaka Damari alipowaita.

"Huku! Huku kuna mtu anazungumza!"

Gari la kuni lililofungwa nyuma ya injini lilikuwa limeangukia upande wa mlima. Chini yake, baina ya chuma na kokoto zilizomwagika, alilala kijana mmoja. Kichwa, mikono na kifua vilikuwa nje. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuonekana.

"Jamani," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "nisaidieni nitoke. Miguu imekufa ganzi."

Jina lake lilikuwa Melkiori. Alikuwa Mrundi, aliyevuka mpaka zamani kuja kutafuta kazi Kigoma, akaanza kwa kupakia kuni, akapanda mpaka kuwa mtia kuni wa injini. Hayo alimwambia Damari mwenyewe, wakati wanaume wakikimbia kuleta jeki na magogo.

Gabrieli alipanga kazi vizuri. Waliweka taruma chini, wakaweka jeki juu yake, wakaanza kuzungusha. Chuma kikalia. Gari la kuni likainuka kidogo, Alute akaingiza gogo, na wote wakapiga kelele za furaha. Hapo hapo udongo uliolowa ukateleza. Jeki ikazama na taruma lake, gari likashuka chini zaidi ya lilivyokuwa, na Melkiori akatoa sauti ambayo iliwafanya wanaume wawili waache kazi na kuondoka wameziba masikio.

Wakajaribu tena upande mwingine. Ikawa vile vile.

"Basi," Melkiori akasema, machozi yanamtoka. "Basi, baba, nakuomba. Msinisaidie tena."

Gabrieli akasimama akiwa ameshika mpini wa jeki. Waliamua kuchimba, lakini kila sepetu iliyotolewa, tope lilirudi mahali pake, na walipochimba zaidi gari lenyewe likaanza kulia na kuegemea. Wakaacha na hilo.

Lililohitajika lilikuwa winchi, ile kubwa ya kunyanyulia inayokuja juu ya behewa lake. Moja ilikuwa Dodoma, na kati ya Dodoma na hapo kulikuwa na maji ya Bahi. Nyingine ilikuwa Tabora, safari ndefu, na ikifika ingekuta mabehewa yaliyopandana yameziba njia. Kila mtu wa reli alijua. Gabrieli alimtuma mtu Manyoni apige simu, na mwingine Kilimatinde akamwite mganga wa misheni. Kisha akamvuta Damari pembeni.

"Mwanangu, wewe kaa naye. Mpe maji. Akiuliza, mwambie winchi iko njiani."

"Iko njiani, mzee?"

Gabrieli alimwekea kata ya maji mkononi. Alirudi kwa watu wake.

Damari akakaa. Alikunja kanga yake akaiweka chini ya kichwa cha Melkiori, akamnywesha maji kwa kata, kidogo kidogo. Jua lilipopanda, alisimamisha mashina mawili ya kuni akatandaza gunia juu yake ili apate kivuli.

"Winchi vipi, dada?"

"Iko njiani."

"Ya Tabora au ya Dodoma?"

Damari akababaika. "Ya Tabora," akasema.

"Nawajua wale wa winchi ya Tabora," Melkiori akasema, na uso wake ukatulia. "Mafundi sana. Mwaka juzi waliinua injini nzima, tukasimama tunaangalia kama sinema." Akalamba midomo. "Una tumbaku?"

Gabrieli alikuwa na sigara. Damari akaiwasha, akaishika mwenyewe mdomoni mwake, maana mikono ya kijana ilikuwa imeishiwa nguvu. Hakuwahi kushika sigara maishani. Moshi ulimwingia puani akapiga chafya, na Melkiori akacheka, kisha akakunja uso kwa maumivu ya kule kucheka.

Alikuwa na mke, akasema, jina lake Febronia, na mtoto wa kike anayejifunza kutembea. Walikuwa kwa wazazi wa mke, ng'ambo ya Kigoma, yeye akingoja apate nyumba Tabora ili awalete. Damari akamwuliza kama angependa Febronia apelekewe neno lolote.

"Neno gani?" Melkiori akashangaa. "Nitamwambia mwenyewe. Si unasema winchi inakuja?"

"Inakuja."

"Basi. Usimtishe mwanamke wa watu bure."

Mganga wa misheni alifika mchana, Mzungu mwembamba, amepanda punda, suruali imejaa tope mpaka magotini. Alilala kifudifudi kwenye kokoto, akapenyeza mkono chini ya chuma mpaka begani, akapapasa muda mrefu. Alipoutoa, ulikuwa mwekundu. Alimchoma Melkiori sindano, akampapasa paji la uso, akasema naye maneno ya upole. Kisha akamwendea Gabrieli, na Damari akasikia.

"Kama ingekuwa miguu peke yake, ningekata," mganga alisema kwa Kiswahili chake cha kunyooka. "Lakini ni nyonga. Hapana mahali pa kukata. Na chuma kikiondoka sasa, damu yote itatoka."

"Kwa hiyo, bwana?"

"Kwa hiyo nimempa dawa. Nitampa tena."

Alikaa juu ya taruma, kofia mkononi. Wanaume wa genge nao walikaa. Ilikuwa ajabu kuona watu wengi hivyo, wenye mikono minene, wameketi mbele ya kitu kimoja cha chuma bila la kufanya. Alute alikuwa mbali kidogo, amewapa kisogo. Macho yake yalikuwa kwenye pengo la tuta alilosema ni zima.

Ile dawa ilimwondolea Melkiori maumivu, lakini ilimwondolea na Kiswahili. Alianza kuchanganya, neno la Kiswahili, neno la kwao, mwisho yakabaki ya kwao matupu. Hakuna aliyeyajua. Damari aliinama, akaweka sikio karibu.

"Mawe," alisema Melkiori. "Mawe."

"Mawe yanamwumiza," Damari akawaambia wenzake. Na kweli alikuwa amelalia kokoto za reli, zenye ncha kama visu. Akapenyeza vidole chini ya shingo ya kijana, akatoa jiwe, akalitupa. Akatoa lingine chini ya bega.

"Mawe," akasema tena.

"Natoa, ndugu yangu. Natoa."

Alute alikuja. Alipiga magoti upande wa pili, akaanza naye kutoa. Ilikuwa kazi ya kwanza siku hiyo ambayo haikushindikana, na wote wawili waliishika kama watu walioahidiwa kitu. Walitoa jiwe moja moja, taratibu, wasimtikise. Wakatandika nyasi, juu ya nyasi koti la Alute. Melkiori alimtazama Damari usoni, akasema lile neno kwa unyonge, kama mtoto anayedeka, kisha akasema maneno mengine marefu, akarudi kwenye lile. Damari akatafuta tena kwa vidole. Hapakuwa na jiwe hata moja lililobaki. Akawaambia, "Yamekwisha, jamani, sioni mengine," na bado kijana aliita mawe.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, aliacha kuita. Mganga akamshika mkono, akausikiliza, akaurudisha kifuani.

Winchi ya Tabora ilifika siku nyingi baadaye. Kwa muda huo walimfunika kwa turubai, na wanaume wakapokezana kufukuza fisi. Walipomtoa, walimzika peke yake, maana dereva watu wa dini yake walikuwa wamekwisha kumchukua wakamchome kwa desturi yao. Kaburi la Melkiori lilichimbwa juu ya mteremko, mbali kidogo na reli, na katekista akasoma.

Wakubwa walikuja wakauliza maswali, wakapima tuta, wakaandika kwamba ni maji. Alute hakuadhibiwa. Ingekuwa heri kwake kama angeadhibiwa, Damari alisema hivyo miaka ya baadaye, maana alijiadhibu mwenyewe. Tangu hapo akikagua njia alipiga magoti kila hatua chache, akagonga udongo kwa nyundo, akasikiliza. Alifika nyumbani jua limezama, na wenzake wakamcheka, kisha wakaacha kumcheka.

Kiangazi kilipoingia, treni ilisimama Saranda na akateremka mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Aliuliza njia, akapanda mteremko kwa miguu mpaka kambini. Gabrieli alikuwa amekaa mlangoni pake.

"Shikamoo, baba. Mimi ni mke wa Melkiori."

Gabrieli alisimama. Aliitikia, akampeleka kwa Damari.

Febronia alikuwa mdogo kuliko Damari alivyomfikiria, mwenye macho makavu. Alikula ugali aliopewa, akamlisha mtoto, akaosha mikono. Ndipo akasema, "Dada, nimeambiwa wewe ndiye uliyekaa naye. Alisema nini?"

Damari alimweleza yote. Alimweleza sigara na kicheko. Alimweleza habari ya nyumba ya Tabora. Alimweleza kwamba alimwuliza kama ana neno la kupeleka, akakataa, akisema atasema mwenyewe.

"Alijua anakufa?"

"Hakujua. Tulimwambia winchi inakuja."

"Nanyi mlijua haiji?"

"Tulijua."

Febronia alimpakata mtoto. "Mngemwambia," akasema polepole, "angeniachia neno."

Damari akaondoa vyombo. Kisha akaeleza yaliyofuata: dawa, lugha ya kwao, na jinsi yeye na mumewe walivyotoa mawe yaliyokuwa yakimwumiza.

"Mawe gani?"

"Kokoto za reli. Aliyataja mwenyewe. Alisema mawe, mawe, mpaka mwisho."

Febronia aliweka mkono mdomoni. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Damari hakujua kama analia au anafanya nini.

"Dada," alisema mwishowe. "Kwetu mawe ni mama. Alikuwa anamwita mama yake."

Alute alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia. Aligeuka akatoka, akaenda zake kwenye reli bila nyundo wala bendera.

"Yu hai?" Damari akauliza. "Huyo mama?"

"Yu hai. Yuko Urundi. Hajaambiwa. Wazazi wangu walinituma nije nione kwanza kama ni kweli."

Usiku huo walilala kitanda kimoja, mtoto katikati. Asubuhi Damari alimpeleka kaburini. Febronia alipiga magoti, akasali, akang'oa majani yaliyokuwa yameota. Aliomba aachwe peke yake, akaachwa. Treni ya kurudi ilipofika, Damari alimfungia karanga katika kipande cha nguo, akambebea mtoto mpaka kwenye ngazi ya behewa. Akasimama pale pale mpaka treni ikaondoka.

Waliendelea kuishi relini miaka kadhaa, kwa sababu hapakuwa na pa kwenda. Walizaa watoto wawili pale pale katika kibanda cha bati. Mvua zilipotengemaa walirudi Mgori, wakajenga, wakalima uwele kama watu wengine.

Huko Mgori Damari alijulikana kwa jambo moja. Mtu akiugua, Damari alikwenda kukaa naye. Aliosha, alilisha, alikesha, hakuchoka. Lakini hakuweza tena kumwambia mgonjwa kwamba atapona. Mgonjwa akimwuliza, "Dada Damari, nitaamka?" alimjibu anavyoona. Wengine walimshukuru. Wengi walikasirika, na zipo nyumba zilizomwomba waziwazi asifike. Mchungaji alimwita akamwonya kwamba anavunja watu mioyo. Alisikiliza, akasema, "Ndiyo, mchungaji," akarudi akafanya vile vile.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, Alute alishikwa na kifua. Alikonda, akaanza kutema damu. Walimpeleka hospitali, wakarudishwa na chupa ya dawa. Jioni moja akamshika mkewe mkono.

"Naona kama leo nina nafuu," akasema.

Damari alimtazama. Wanawe wote wawili walikuwa chumbani, wakubwa sasa, na walimtolea macho anyamaze.

"Alute," akasema, "mimi sioni nafuu. Naona unaondoka. Kama una neno, tupo."

Kijana wa kwanza alitoka nje akipiga mlango. Alute akageukia ukutani. Damari akavuta kigoda karibu, akakaa, akangoja. Alingoja usiku huo na siku iliyofuata, hakwenda shamba, hakwenda kisimani, asije akasema naye hayupo. Alute hakutaja reli, wala tuta, wala watoto, wala mbuzi wagawanywe vipi. Alipozungumza, aliomba uji. Akapewa, akanywa vijiko vichache, akasema umepoa.

Damari akawasha moto aupashe uji. Aliporudi na bakuli, Alute alikuwa amekwisha kufa.